Waya wa Zizi

Lilianza kulia kwenye kona ya pili baada ya daraja:
tak, tak, tak,
kama mtu anayehesabu fedha asizotaka kuzitoa.
Varlam akazima redio. Tukasikiliza.
"Kushoto, mbele," akasema,
na kweli, ndani ya rimu grisi ilikuwa imetapakaa,
michirizi myeusi, kama chupa ya wino imerushwa ukutani.

Ufa wenyewe ni wa kidole kimoja.
Ukuta wake ungekuwa gari zima,
na gari ndilo linalotulisha: Delica ya mkono wa nne,
usukani kulia, mlango wa kuburura,
kiangazi hupandisha wageni hadi Ushguli,
mwezi wa kumi hushusha viazi.
Theluji imeshakaa mabegani mwa mlima.

Jeki. Gogo la msonobari, kwa kuwa jeki hatuiamini.
Nati ya habu ikakataa.
Varlam akachomeka bomba kwenye spana,
akalipanda kwa miguu miwili, kilo tisini na tusi moja,
ikaachia kwa mlio wa mfupa.
Mimi ni muuguzi, mlio ule naujua;
nilishtuka hata hivyo.

Nikajisukuma chini kwa mgongo, juu ya gunia,
tochi mdomoni.
Mpira wa shafti ulikuwa umelegea mikunjo
kama kodiani ya harusi iliyokwisha.
Nilitafuta ule mkanda wa chuma
unaobana mdomo mwembamba.
Haukuwapo.
Palikuwa na waya. Waya wa zizi la ng'ombe,
umezungushwa mara tatu, ncha zimepindwa ndani
zisimchome mtu,
na kando yake kipande cha tyubu ya baiskeli yangu
kimegandishwa juu ya ufa wa zamani.

Vuli ile Baba alirudi kutoka Zugdidi usiku,
akasema amebadilisha mpira, lari themanini, wezi wale.
Asubuhi akanipandisha basi dogo la Kutaisi
na lari themanini ndani ya soksi.
"Nimeuza asali," alisema.
Nyuki walikuwa wamekufa tangu Februari.
Sikumuuliza asali ipi.

"Vipi huko chini?"
"Kawaida," nikajibu. Neno lilipita kando ya tochi.

Kiungo tulikiosha kwa petroli, kwenye sufuria isiyo na mkono.
Gololi sita. Nikazipangusa moja moja,
nikapitisha ukucha kwenye njia zake:
laini, laini, laini, laini, laini,
na ya sita ina alama, kama mtu aliyeumwa na kiroboto.
"Itafika Aprili," akasema Varlam,
akashindilia grisi mpya kwa kidole gumba
hadi ikatokea upande wa pili.
Tukagonga. Kikaingia. Klipu ikakaa.
Tukatazamana, tukiwa tumejipenda sana,
kisha tukautazama mpira mpya,
bado umelala juu ya gazeti lake,
mzima, mkavu,
nje ya shafti.

Varlam alilitukana gari, kisha Zugdidi, kisha mimi.
Tukang'oa tena.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mnara wa akina Eldar
tulipozunguka uwanja wa kanisa,
usukani umekatwa hadi mwisho, madirisha wazi,
mbwa wanatukimbiza, nasi tumenyamaza
tukisikiliza kitu kisicholia.
Kulia. Kushoto. Kulia tena.

"Uliuona waya," Varlam akasema. Hakuwa akiuliza.
"Ulijua?"
"Na nani unadhani alimshikia tochi?"

Nyumbani akaunyoosha gotini, taratibu,
akaufuta grisi kwa mkono wa koti,
akautia kwenye kisanduku cha spana.
"Bado una kazi," akasema,
akaingia ndani kula.